Obokano huzoea nyuzi zake. Je, waya wa spika?

HUENDA msomaji akashangaa kusikia kwamba juzijuzi niliketi Jumapili nzima katika nyumba ya mabati huko Nyamira, mgongo nimeupa spika, macho yakitazama kalenda ya ukutani, nikijaribu kusikia kama waya ni mbichi au umekwisha kukomaa. Watu wazima watatu tulikuwa katika shughuli hiyo. Mama yangu alipita mlangoni mara mbili akatutazama, akatikisa kichwa, akaenda zake kuchuma mboga.

Jambo lenyewe lilianzia Keroka, mji ule ulioko mpakani ambako ukivuka barabara unatoka kaunti ya Kisii ukaingia ya Nyamira. Mtoto wa marehemu kaka yangu ana kazi yake hapo ya kukodisha vyombo vya muziki: amplifaya, spika mbili kubwa, mikrofoni kadhaa na jenereta ya kukimbilia umeme unapopotea. Arusi zinamwita, matanga yanamwita, harambee za makanisa zinamwita. Si kazi ya utajiri, lakini inamlipia dada yake karo ya shule ya sekondari, na kwa hiyo ni kazi ambayo ukoo mzima unaitazama kwa makini.

Siku moja akanipigia simu. "Baba mdogo," akasema, "nimeuza yule mtamba."

Nikanyamaza. Mtamba huyo alikuwa wa marehemu baba yake.

Sehemu ya fedha, akaendelea kunieleza, alikuwa amelipa deni la jenereta. Na shilingi 9,000 alikuwa amenunua nyaya mbili za spika, mita nne kila mmoja, nene kama kidole gumba, zimevikwa nguo ya kusukwa na kufungwa ncha za rangi ya dhahabu. Alizinunua katika duka moja mbali na kwetu, ambalo jina lake halina haja hapa. Alipozifunga nyumbani hakusikia tofauti yoyote na waya wake wa zamani. Akampigia muuzaji. Muuzaji akamtuliza: nyaya za daraja hilo, bwana, hazihukumiwi siku ya kwanza. Bado zina ubichi. Zipigie muziki kwa saa 200, ndipo zitakapofunguka.

Nikamwuliza risiti inasemaje juu ya kurudisha bidhaa. Akasoma: siku 7.

Tukapiga hesabu pamoja kwenye simu. Siku 7 mara saa 24 ni saa 168. Hata angepiga muziki usiku na mchana bila kufumba jicho, muda wa kurudisha ungekwisha kabla nyaya hazijafunguka! Tena kwetu hakuna siku 7 za muziki. Mama yangu ni Msabato kama walivyo Wagusii wengi, na kuanzia jua la Ijumaa linapotua hadi la Jumamosi linapotua, katika boma lake hakuna redio, hakuna spika, hakuna mjadala. Toa saa 24, zinabaki 144. Umeme nao una desturi zake mvua inaponyesha. Kijana akacheka, lakini kicheko chenyewe kilikuwa kikavu. Nikamwambia apige muziki kwa waya mmoja tu, ule wa pili auache ndani ya mfuko wake bila kuugusa, nami nitapanda matatu mwisho wa juma.

VITU VINAVYOZOEA

Njiani, kutoka Kisii mjini kupanda kuelekea Nyamira, chai ya kijani kibichi huku na migomba kule, nilikuwa nikijiuliza kwa nini maneno ya yule muuzaji yanaingia akilini kwa urahisi hivyo. Nadhani ni kwa sababu tunavijua vitu vingi ambavyo kweli havifai siku ya kwanza. Chungu kipya hakipikiwi kabla hakijachemshiwa maji. Kiatu kipya kinauma, kisha kinanyamaza. Injini mpya, wale waliokuwa madereva zamani watakumbuka, iliendeshwa pole kwa maili za mwanzo ili vyuma visuguane na kuelewana. Basi mtu akikuambia waya nao una ujana wake, kwa nini umkatalie?

Lakini mfano ulio bora kuliko yote uko kwetu Gusii kwenyewe, nao ni obokano.

Kwa msomaji asiyeijua, obokano ni kinanda chetu cha nyuzi nane, kikubwa kuliko nyatiti ya jirani zetu Wajaluo, na sauti yake ni nzito mno, ya kunguruma, kiasi kwamba wageni wengine wameifananisha na lile zeze kubwa la Wazungu linalopigwa mtu akisimama. Bakuli lake ni la mti uliochongwa, limewambwa ngozi ya ng'ombe. Miti miwili inapanda kutoka humo, na mwingine unalala juu yake kama kizingiti, ndipo nyuzi zinapofungwa. Zamani nyuzi zilikuwa za kano za ng'ombe. Siku hizi wapigaji wengi hutumia nailoni ile ya kuvulia samaki.

Jirani yetu mmoja, mzee ambaye nikiwa mtoto nilimsikia akipiga obokano katika arusi za upande wa Manga, bado anayo yake. Nilimpitia Jumamosi jioni jua lilipokwisha kutua. Mgeni asiyejua Ekegusii hupotea kidogo katika salamu zetu, maana kwetu "tata" ni baba, na "baba" ni mama. Nikimwita mama yangu "Baba" mbele ya rafiki zangu wa Mombasa hudhani nina wazimu. Nikamsalimu, "Tata," nikamweleza habari ya nyaya.

Hakucheka. Aliitoa obokano yake ndani, akanionyesha uzi mmoja uliokuwa mpya, mweupe kuliko wenzake, aliokuwa ameufunga Alhamisi. Akaupiga. Ulikuwa chini ya sauti yake. Akaukaza, akaupiga nyimbo mbili pamoja na nyingine, ukawa umeshuka tena. "Huu," akasema, "bado unanyoosha miguu. Utalala na kuamka mara nne au tano ndipo ukae mahali pake."

Hilo si hekaya. Nailoni ikivutwa hurefuka kidogo kidogo kwa siku kadhaa hata kama mzigo wake haukuongezwa, na fundo lenyewe hujikaza. Uzi ukirefuka, mvuto wake unapungua, na sauti inashuka. Kila mpiga gita analijua hilo. Ngozi nayo ina mambo yake: hunywa unyevu wa hewa ikalegea, hukaa karibu na moto ikakaza, na katika nchi hii ya milima inayopata zaidi ya milimita 1,500 za mvua kwa mwaka, mpiga obokano hana budi kuijua ngozi yake kama anavyomjua mke wake. Ndiyo maneno ya mzee, si yangu.

Kwa hiyo chombo cha muziki kinazoea. Kuna kitu kinachovutwa, kuna kitu kinachorefuka, kuna kitu kinacholegea. Ukiwa na rula unaweza kukipima.

Spika nayo, tukisema haki, ina sehemu yake ya kuzoea. Ndani yake mna koni ya karatasi au plastiki inayokwenda mbele na nyuma, na kinachoishika ni ukingo wa mpira au sponji pamoja na kitambaa kilichokunjwa mikunjo-mikunjo na kukaushwa kwa gundi ngumu. Kitambaa hicho kikiwa kipya ni kikakamavu; kikipigwa muziki kinalainika, na ile sauti ya chini ambayo koni hupenda kutetema kwayo inashuka kidogo. Mafundi hulipima jambo hilo kwa vyombo. Ila ni badiliko dogo, na sehemu yake kubwa huisha katika dakika na saa za mwanzo, si majuma.

SHABA HAINA MIGUU

Sasa tuje kwenye waya. Ndani ya ile nguo ya kusukwa mna shaba tu. Shaba hiyo ilivutwa kiwandani kupitia matundu ya chuma hadi ikawa nyembamba, ikapashwa moto ili ilainike, ikasokotwa na kuvikwa plastiki. Kama kuna mateso yaliyokuwa ya kuizoesha, yote yalikwisha huko. Hakuna sehemu inayokwenda wala inayovutwa. Umeme wenyewe upitapo, zile chembe ziitwazo elektroni hazikimbii kama watu wengi wanavyodhani. Katika waya wa unene wa kawaida zinajikokota chini ya sehemu moja ya kumi ya milimita kwa sekunde, na kwa kuwa muziki ni umeme unaogeuka-geuka, zinakwenda mbele kidogo na kurudi kidogo, mamia na maelfu ya mara kwa sekunde. Haziachi njia iliyopitwa kama ng'ombe wanavyoacha mlimani.

Wanaoitetea imani hii husema ni plastiki inayozunguka shaba ndiyo hubadilika, ikijazwa umeme kidogo kidogo. Ni kweli kwamba plastiki hushika chaji. Lakini katika waya wa mita nne, na kwa sauti ambazo sikio la binadamu linaweza kuzisikia, kiasi hicho ni kidogo mno mbele ya mambo mengine yote yaliyomo chumbani, ukianza na mvua juu ya mabati.

Biashara hii ya nyaya za fahari si ya jana. Hapo zamani watu walifunga spika kwa waya uleule wa taa ya mezani, na hakuna aliyelalamika. Mwaka 1979 Mmarekani Noel Lee alianzisha kampuni ya Monster Cable huko California, akawafundisha wateja kwamba waya nao una sauti, na wengi wakamfuata wakapandisha bei hadi mawinguni. Mwaka 2007 James Randi, yule mwanamazingaombwe aliyefanya kazi ya kuwafichua waganga wa uongo, aliahidi dola milioni 1 kwa yeyote atakayetambua kwa masikio tu, bila kuona, tofauti kati ya nyaya za Pear Anjou zilizouzwa dola 7,250 na nyaya za kawaida. Fedha hizo hazikuchukuliwa na mtu.

JUMAPILI YA MASIKIO

Sikutaka kumhubiria kijana. Nilitaka asikie mwenyewe. Kutoka Jumatatu hadi Ijumaa jioni waya mmoja ulikuwa umepigiwa muziki kwa saa 90 hivi, ukitoa zile saa za giza. Mwenzake alikuwa bado kwenye mfuko. Tukafunga spika moja tu, tukaweka sauti mahali pamoja na kubandika karatasi ya gundi juu ya kitufe kisiguswe, kwa maana sauti iliyo juu kidogo tu, hata kwa kiasi ambacho mtu hakitambui kuwa ni ukubwa, huonekana kuwa ni sauti bora. Hila hiyo wauzaji wanaijua vizuri.

Dada yake mdogo, aliye shuleni, ndiye aliyekuwa hakimu. Alikaa nyuma ya shuka iliyotundikwa. Kila mara alirusha sarafu: kichwa, waya wa zamani, upande wa pili, ule mpya. Aliandika katika daftari lake. Nami nilimwamuru kwamba hata sarafu ikirudia waya uleule, aufungue na kuufunga tena, ili tusibahatishe kwa kusikiliza kelele za mikono yake. Tulipiga dakika moja ya wimbo mmoja wa Christopher Monyoncho, gita na sauti, uleule mara ishirini. Hadi leo sitaki kuusikia wimbo huo, na Monyoncho hana kosa.

Wasikilizaji tulikuwa watatu: kijana, mimi, na yule mzee wa obokano niliyemwomba aje kwa sababu katika kijiji kizima sijui sikio lililo kali kuliko lake.

Kabla hatujafungua daftari, binti alinieleza jambo alilofundishwa katika hisabati. Mtu anayebahatisha tu atapata kumi hivi kati ya ishirini. Ili tumwamini kwamba anasikia kitu, apate 15 au zaidi, kwa sababu anayebahatisha hufika hapo mara 2 tu katika kila majaribio 100. Tukakubaliana. Kisha akasoma.

Kijana alipata 11. Mimi 8. Mzee 9.

Kijana alinyamaza muda mrefu, kisha akasema labda saa 90 hazikutosha, muuzaji alisema 200. Ni neno la haki, nami siwezi kulikataa moja kwa moja. Jaribio la siku moja katika nyumba ya mabati si mahakama kuu. Nilimjibu tu kwamba nikimaliza nusu ya safari ya Nairobi natarajia walau niwe nimekaribia Narok. Mzee naye alikuwa ameudhika kidogo kwa alama zake. Basi nikamnong'oneza binti asiguse waya wowote, asogeze tu spika shibiri mbili kuelekea pembe ya ukuta. Aliposogeza na kuwasha, wimbo haujafika hata mahali pa kuimba, mzee akainua mkono: "Hiyo sasa imenenepa chini." Na ni kweli, spika ikisogea kwenye pembe sauti nzito huongezeka. Sikio lake halikuwa na ugonjwa wowote.

Nadhani kinachozoea katika habari yote hii ni sisi wenyewe. Mtu hununua kitu kwa fedha nyingi, anakisikiliza kila jioni, sikio linajifunza sauti ya chumba chake na kuipenda, na kumbukumbu ya jinsi sauti ilivyokuwa siku ya kwanza haipo tena, maana sikio halikumbuki mambo madogo hivyo hata kwa dakika chache. Baada ya majuma matatu anaapa kwamba waya umefunguka. Naye hasemi uongo.

Hata hivyo kijana alikuwa na sababu ya kutafuta waya mpya, na sababu hiyo ilikuwa ya kweli. Matangani spika yake moja huwekwa mbali, mita 40 kutoka kwa amplifaya, ili waombolezaji walioketi chini ya migomba wasikie, na siku zote ilikuwa ikilia kwa unyonge. Nikautazama waya aliokuwa akiutumia huko: mwembamba, wa nusu milimita mraba. Mita 40 kwenda na 40 kurudi za waya wa namna hiyo, hata ukiwa wa shaba safi, zina ukinzani wa omu 2.7 hivi, na spika yake ni ya omu 4. Maana yake karibu asilimia 40 ya nguvu ilikuwa ikiishia kuupasha waya joto shambani! Akiweka wa milimita mraba 2.5, hasara hiyo inashuka hadi asilimia 12 hivi. Huo unauzwa kwa mita katika maduka ya vifaa vya ujenzi, hauna nguo wala dhahabu.

Nilimwonya jambo moja tu: aende na kisu. Siku hizi kuna nyaya nyingi sokoni zilizo nyekundu kwa nje na ndani ni aluminiamu, na aluminiamu ina ukinzani zaidi ya mara moja na nusu ya shaba. Kwangua kidogo. Ukiona weupe, rudisha kisu mfukoni na uondoke.

Jumatatu alfajiri alipanda gari kwenda kwa muuzaji, siku ya saba. Ule waya uliokuwa ndani ya mfuko ulipokewa, akarudishiwa shilingi 4,500. Wa pili ulikataliwa. Aliambiwa, bila mtu kucheka, kwamba hauwezi kurudishwa kwa sababu umetumika.

Kwa fedha alizorudishiwa, na nyingine nilizomwongezea, alinunua waya wa mita 40. Alikwangua. Ulikuwa mwekundu hadi ndani. Ule mnene wa nguo umebaki nyumbani, na mama yangu ameupenda; amefungia nao mlango wa banda la kuku.

Nami kabla ya kushuka kurudi Kisii nilipita kwa mzee kuaga. Alikuwa ameketi kibarazani na obokano yake mapajani, akikaza uzi ule mweupe kwa mara nyingine. Akaupiga, akausikiliza, akaupiga tena na jirani yake. Nikamwuliza kama sasa umekaa.

"Bado," akasema. "Rudi Alhamisi."